Ekseli ya Nyuma Inapovuja Mafuta: Sababu Itafutwe Kabla ya Kununua Sili

Katika siku za misafara, mzigo uliotoka Bagamoyo na kupita Tabora kuelekea Ujiji ulisafiri mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Lori la chama lenye uwezo wa tani 10 huchukua leo, kwa safari moja, mzigo ambao ungehitaji wapagazi zaidi ya 300. Hata hivyo mpagazi alikuwa na sifa moja ambayo lori halina: alipoumia mguu alisema. Lori huonyesha dalili tu, na dalili hizo zisiposomwa mapema, chama huja kuzisoma baadaye katika hati za madai ya gereji.

Mojawapo ya dalili hizo ni mafuta yanayoonekana kwenye gurudumu la nyuma au chini ya difu. Malori ya vyama vya msingi vya Tabora, Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua yanajulikana kwa kazi ngumu: mbolea kabla ya mvua, magogo ya kukaushia tumbaku, na marobota ya tumbaku masoko yanapofunguliwa. Barabara kuu za kutoka Tabora kwenda Nzega na Urambo zina lami, lakini sehemu kubwa ya maisha ya lori la chama hupita kwenye barabara za vijiji, ambako kiangazi kuna mchanga na vumbi laini, na masika kuna tope jeusi la mbuga. Mazingira hayo huichosha ekseli ya nyuma kuliko sehemu nyingine nyingi za gari.

Katika vitabu vya chama, ugonjwa huu hujitokeza kwa sura inayofanana. Tuseme mwezi Mei kuna stakabadhi ya sili moja ya gurudumu la nyuma, mafuta ya difu lita 4, na malipo ya fundi. Mwezi Juni kuna stakabadhi nyingine ya vitu vile vile. Mwezi Agosti ipo ya tatu, na safari hii imeongezwa lainingi za breki na beringi. Kila stakabadhi ni halali, imeidhinishwa na kutiwa sahihi. Hakuna aliyeiba. Hata hivyo fedha za wanachama zimepotea, kwa sababu mara zote tatu kilichobadilishwa ni kitu kilichovuja, na sababu ya kuvuja ikabaki ndani ya ekseli.

Makala haya yanaeleza jinsi sababu hiyo inavyotafutwa, jinsi kazi ya matengenezo inavyopaswa kufanyika, na mambo ambayo katibu, hata kama hajawahi kushika spana, anaweza kuyafanya ili fundi asibahatishe.

KAZI YA SILI

Ndani ya difu kuna meno ya chuma yanayosagana yakiwa yamelowa katika mafuta mazito. Kutoka kwenye difu, shafti mbili hupita ndani ya bomba la ekseli, moja kwenda kulia na nyingine kushoto, na kuyazungusha magurudumu. Katika malori mengi ya mizigo uzito wa gari haubebwi na shafti. Hubebwa na bomba la ekseli lenyewe, kwa njia ya beringi mbili zilizo ndani ya habu ya kila gurudumu. Kazi ya shafti ni kuzungusha tu. Ndiyo maana fundi anaweza kuichomoa shafti bila gurudumu kuanguka.

Mahali ambapo kitu kinachozunguka hukutana na kitu kilichotulia, mafuta hutafuta njia ya kutoka. Hapo ndipo huwekwa sili. Sili ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaobana juu ya chuma laini. Nyuma ya mdomo huo, katika sili nyingi, huwa na springi nyembamba ya mviringo inayousaidia kubana. Mdomo huo ni mwororo kiasi kwamba chembe moja ya mchanga, mkwaruzo mdogo au joto kali hutosha kuuharibu.

Katika malori mengine beringi za gurudumu hulainishwa na mafuta yale yale ya difu. Katika mengine beringi hupakwa grisi, na sili ya ziada huzuia mafuta ya difu yasifike kwenye grisi. Mpangilio wowote uwao, sili iliyo upande wa ndani wa habu ina jukumu zito kuliko zote: nyuma yake ndipo zilipo breki.

NI MAFUTA GANI YANAYOVUJA?

Kabla ya kulaumu sili, ni lazima ijulikane kinachovuja ni nini. Vitu vitatu vinaweza kuonekana kwenye gurudumu la nyuma.

Cha kwanza ni mafuta ya difu. Haya ni mazito, huteleza sana kati ya vidole, na yana harufu kali inayokaribia ile ya kiberiti. Cha pili ni grisi, ambayo ni nzito zaidi na haitiririki mpaka ipate joto kali. Cha tatu ni mafuta ya breki, kwa malori ambayo breki zake hutumia mafuta. Hayo ni mepesi na huharibu rangi ya gari.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha. Matone machache huwekwa katika glasi yenye maji na kukorogwa. Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji, na mafuta ya difu huelea juu. Yakiwa ni mafuta ya breki, lori lisitembee hata kilometa moja mpaka mfumo wa breki utazamwe, na kubadilisha sili ya ekseli hakutasaidia lolote.

YANATOKA WAPI?

Upepo na mwendo husambaza mafuta mbali na mahali yalipotokea. Kwa hiyo kuangalia ekseli chafu ni kubahatisha. Kwanza ekseli ioshwe kwa dizeli au sabuni, ifutwe, na iachwe ikauke kabisa. Kisha sehemu zinazoshukiwa zinyunyiziwe unga mkavu wa chaki. Lori litembee kilometa 10 hadi 20, lisimamishwe mahali tambarare, na unga utazamwe. Mahali ulipolowa kwanza ndipo penye kasoro.

Mahali penyewe ni hapa:

(a) Mbele ya difu, propela inapoingia. Hiyo ni sili ya difu yenyewe, wala haihusiani na magurudumu.

(b) Kwenye maungio ya difu au kwenye nati ya kumwagia mafuta. Hapo mara nyingi ni gasketi iliyochoka au nati iliyolegea.

(c) Upande wa nje wa gurudumu, katikati, shafti inapofungwa kwenye habu kwa nati. Mafuta hurushwa juu ya rimu kama miale ya jua. Chanzo huwa ni nati zilizolegea au gasketi iliyokatika. Ni kazi ndogo, lakini isidharauliwe, kwa maana nati zilizolegea huweza kukata bolti zake na kuliacha lori njiani.

(d) Upande wa ndani wa gurudumu. Ukuta wa ndani wa tairi umelowa, sahani ya breki imelowa, na vumbi limegandamana kama ugali mweusi. Hii ndiyo sili ya ndani ya habu. Uvujaji huu ni wa hatari kuliko yote, kwa kuwa mafuta yamekwisha kupita kwenye breki.

KWA NINI YANAVUJA?

Hapa ndipo matengenezo mengi yanapokosea. Sili mpya iliyo nzuri, ikiwekwa kwenye ekseli yenye kasoro, itavuja kama iliyotangulia. Zifuatazo ni sababu zinazopaswa kuchunguzwa, kuanzia ile isiyogharimu kitu.

Kwanza, tundu la kupumulia limeziba. Juu ya bomba la ekseli kuna kitundu kidogo chenye kifuniko. Lori linapotembea na mzigo, mafuta na hewa iliyo ndani ya ekseli hupata joto na kutanuka. Hewa hiyo inapaswa kutokea kwenye tundu hilo. Tundu likizibwa na vumbi, tope au rangi iliyopakwa bila uangalifu, hewa huitafuta njia nyingine, na njia iliyo dhaifu kuliko zote ni mdomo wa sili. Ili kujua, lori likirudi safarini liachwe lipoe kidogo, kisha nati ya kujazia mafuta ilegezwe polepole. Hewa ikitoka kwa mlio wa kufoka, tundu limeziba. Tiba yake ni kulifungua, kuliosha kwa dizeli na kulipuliza mpaka lipitishe hewa. Kazi hiyo haichukui nusu saa, na hakuna spea inayonunuliwa.

Pili, mafuta yamejazwa kupita kiasi. Katika ekseli nyingi kipimo sahihi ni mafuta kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, lori likiwa mahali tambarare. Utingo anayejaza mafuta lori likiwa limeinama, akidhani kwamba kuongeza ni kujihadhari, ndiye anayeanzisha uvujaji.

Tatu, maji yameingia. Lori lililotembea mwendo mrefu na ekseli yake ikapata moto, likiingia ghafla katika maji ya mbuga au mto, ekseli hupoa, hewa ya ndani hujikunja, na maji hufyonzwa kupitia tundu la kupumulia na midomo ya sili. Mafuta yenye maji hubadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Yakionekana hivyo, yamwagwe yote na ekseli isafishwe. Mafuta hayo hayawezi tena kuyalinda meno ya difu wala beringi.

Nne, beringi za gurudumu zimelegea au zimekwisha. Sili hufanya kazi pale tu kitu kinachozunguka kinapozunguka katikati yake. Gurudumu likiyumba, mdomo wa sili hubanwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Gurudumu linyanyuliwe, lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, au likizungushwa likatoa mlio wa kusaga, beringi ndizo zenye kosa.

Tano, chuma kinachokaliwa na sili kimechimbika. Baada ya miaka mingi mdomo wa sili, ukisaidiwa na vumbi, huchimba mfereji mwembamba juu ya chuma. Fundi apitishe ukucha. Ukucha ukinasa, sili mpya haitaziba hapo. Pete ya chuma inayokaliwa na sili ibadilishwe, au ivalishwe pete nyembamba ya kurekebishia, kama mtengenezaji wa gari ameruhusu.

Sita, mzigo umezidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaweka tani 10 kuwa kikomo cha ekseli moja yenye matairi manne. Barabara ya kijijini haina mizani, lakini ekseli hailisahau zigo. Bomba la ekseli lililopinda hata kidogo huziweka beringi na sili katika mstari usio sahihi, na hakuna sili itakayodumu. Mifuko 200 ya mbolea ya kilo 50 ni tani 10 kamili za mzigo, kabla ya kuhesabu uzito wa lori lenyewe. Anayeamuru kuongeza mifuko 40 juu yake ajue kwamba anaongeza tani 2.

Saba, sili yenyewe si yake au imewekwa vibaya. Juu ya sili huandikwa vipimo kwa milimita: upana wa tundu la ndani, upana wa nje na unene. Sili inayokaribia kuwa sawa haifai. Aidha, iliyogongwa kwa nyundo upande mmoja hupinda, iliyowekwa kavu huungua mdomo katika kilometa za kwanza, na iliyogeuzwa haizuii kitu.

TAREHE ZINAVYOMSAIDIA FUNDI

Jambo hili linastahili kuelezwa peke yake, maana ndilo linalounganisha gereji na ofisi ya chama. Muda uliopita kati ya sili moja na nyingine ni ushahidi, na ushahidi huo haumo ndani ya ekseli. Umo ndani ya daftari la safari.

Sili mpya ikivuja siku ile ile au kesho yake, yaelekea imewekwa vibaya au si ya kipimo chake. Ikidumu wiki kadhaa kisha ikavuja tena gurudumu lile lile, zishukiwe beringi au chuma kilichochimbika. Magurudumu yote mawili na mbele ya difu vikianza kuvuja kwa wakati mmoja, hakuna haja ya kuzifikiria sili tatu zilizokufa siku moja: kwanza tundu la kupumulia na kimo cha mafuta vitazamwe. Uvujaji ukianza mara baada ya lori kuvuka maji, maji yatafutwe ndani ya mafuta.

Fundi mwenye gereji Ng'ambo, anapoletewa lori bila maelezo, huona mafuta na kubadilisha sili. Fundi yule yule akiambiwa kwamba sili ya kushoto ilibadilishwa tarehe 4 Mei na tarehe 20 Juni, na kwamba katikati ya tarehe hizo lori lilitembea kilometa kadha wa kadha, ataanza kwa kulinyanyua gurudumu na kulitikisa. Tofauti ya matengenezo hayo mawili imeletwa na mistari miwili ya daftari.

MATENGENEZO YA SILI YA NDANI

Hatua zinazofuata zinahusu lori la kawaida la mizigo. Vipimo vya kukaza nati hutofautiana, kwa hiyo kitabu cha lori ndicho kifuatwe.

1. Lori lipakuliwe na kusimamishwa mahali tambarare na pagumu. Magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi. Ekseli ikishanyanyuliwa kwa jeki, iwekewe stendi imara ya chuma au magogo mazito yaliyopangwa vizuri. Mtu asiingie chini ya lori linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala mawe yasitumiwe.

2. Mafuta yamwagwe katika chombo safi na yatazamwe. Rangi ya maziwa ni maji. Vipande vya chuma ni onyo kwamba difu au beringi vinakwisha.

3. Nati za shafti zifunguliwe na shafti ichomolewe taratibu, isiburuzwe juu ya sili wala kuangushwa mchangani.

4. Nati ya habu ifunguliwe kwa spana yake. Kuifungua kwa patasi na nyundo huiharibu, na vipande vya chuma huangukia kwenye beringi. Habu itolewe pamoja na dramu.

5. Sili ya zamani itazamwe kabla ya kutupwa. Mdomo uliokuwa mgumu kama plastiki umeungua kwa joto. Mdomo uliolika upande mmoja umeharibiwa na gurudumu linaloyumba. Mdomo uliochanika umeharibiwa wakati wa kufunga. Sili hii ni shahidi, na inafaa irudi ofisini pamoja na stakabadhi.

6. Kila kitu kioshwe na kukaushwa. Beringi zizungushwe kwa mkono na kutazamwe kama kuna alama za kutoboka, mikwaruzo au rangi ya buluu iliyoletwa na moto. Yenye alama hizo ibadilishwe pamoja na kikombe chake. Chuma kinachokaliwa na sili kipitishwe ukucha.

7. Sili mpya ipakwe mafuta mdomoni, mdomo mkuu uelekee upande wa mafuta, na iingizwe kwa kubanwa sawasawa pande zote. Kama hakuna kifaa chake, itumike sahani bapa ya chuma au ubao mgumu unaofunika sili yote, na nyundo igongwe katikati.

8. Habu irudishwe ikiwa imenyooka, ili uzito wake usiuangukie mdomo wa sili. Nati ikazwe huku habu ikizungushwa, kisha irekebishwe kwa kipimo cha kitabu na kufungwa kifungio chake. Nati iliyobana mno huunguza beringi, na iliyolegea huua sili.

9. Shafti irudishwe kwa gasketi mpya, nati zikazwe kwa kupokezana za mkabala. Tundu la kupumulia lisafishwe hata kama halikuonekana kuziba. Mafuta mapya ya aina iliyoandikwa katika kitabu yajazwe mpaka kwenye ukingo wa tundu.

10. Lori lijaribiwe bila mzigo. Baada ya kama kilometa 50 nati zikaguliwe upya, kimo cha mafuta kipimwe, na habu iguswe kwa uangalifu. Habu iliyo ya moto kuliko mwenzake ina beringi iliyobanwa.

LAINING ZILIZOLOWA MAFUTA

Lipo jambo moja ambalo halina mjadala. Lainingi iliyolowa mafuta ya difu ibadilishwe. Desturi ya kuiosha kwa petroli, kuichoma moto au kuisugua kwa msasa huondoa mafuta ya juu tu. Mafuta yaliyozama ndani hutokeza tena breki zinapopata joto, yaani pale hasa dereva anapozihitaji.

Tena zibadilishwe za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo. Upande mmoja ukishika na mwingine ukateleza, lori huvutwa upande mmoja, na juu ya mchanga au lami iliyolowa laweza kupinduka. Dramu nayo ioshwe na kukaushwa kabla ya kufungwa.

Ipo pia desturi ya safarini ya kuziba mrija wa breki wa gurudumu linalovuja ili safari iendelee. Desturi hiyo ipigwe marufuku na kila Bodi. Lori lenye tani 10, likiwa na gurudumu lisilo na breki, hupita mbele ya shule, hupishana na baiskeli na pikipiki za wakulima, na mara nyingi juu ya marobota wameketi wanachama wenyewe, ingawa haifai kuwapakia huko. Hakuna tarehe ya soko inayostahili hatari hiyo.

HESABU NDOGO YA TONE

Wako wanaosema kwamba tone moja moja si kitu. Na lihesabiwe. Lori likivuja tone moja kila sekunde 10, kwa saa 8 za mwendo litakuwa limetoa matone 2,880. Tukikadiria kwamba matone 20 hadi 25 hufanya mililita 1, hayo ni mililita 115 hadi 144 kwa siku. Katika siku 7 hadi 9 za kazi, lita nzima imekwenda. Msimu wa ununuzi ni wa miezi kadhaa, na difu haina taa ya kumwonya dereva kwamba mafuta yanakwisha. Onyo lake la kwanza ni mlio, na mlio ukisikika meno yamekwisha kuumia. Bei ya sili ni sehemu ndogo sana ya bei ya difu, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Katibu hatarajiwi kuwa fundi. Anatarajiwa kuyafanya haya yafuatayo.

Kwanza, daftari la safari liwe na nafasi ya kuandika kilometa, mafuta ya difu yaliyoongezwa kwa lita, na dalili yoyote ya kuvuja. Dereva aandike kila jioni na katibu atie sahihi kila wiki. Mafuta yanayoongezwa mara kwa mara bila uvujaji kuripotiwa yaulizwe yanakokwenda.

Pili, lori lisipelekwe gereji bila hati ya kazi. Hati hiyo ieleze dalili, mahali mafuta yanapotokea, na tarehe za matengenezo yaliyotangulia ya gurudumu hilo.

Tatu, hati ya madai isilipwe mpaka fundi ameandika sababu ya kuvuja. Maneno "sili imebadilishwa" hueleza kilichofanyika tu. Maneno "tundu la kupumulia lilikuwa limeziba, limesafishwa" ni sababu, na ndiyo Bodi inayoyalipia.

Nne, spea ya zamani irudi, ifungiwe karatasi yenye tarehe na upande wa gurudumu, na ihifadhiwe ghalani mpaka ukaguzi wa hesabu upite. Mkaguzi anayeziona sili tatu za upande mmoja zilizolika sehemu ile ile hahitaji maelezo marefu.

Tano, ukaguzi wa tundu la kupumulia, kimo cha mafuta na mchezo wa magurudumu ufanywe mara mbili kwa mwaka bila kungoja dalili: kabla ya kusambaza mbolea, na kabla ya masoko kufunguliwa. Baada ya lori kuvuka maji, mafuta yatazamwe siku hiyo hiyo.

Mwanachama naye ana haki yake. Lori limenunuliwa kwa makato ya tumbaku yake, kilo kwa kilo. Katika mkutano mkuu, taarifa ya matumizi inaposomwa na kutajwa "matengenezo ya gari", ni halali kabisa kwa mwanachama kusimama na kuuliza: sili hii imebadilishwa mara ngapi, na fundi alisema sababu ni nini? Katibu aliyeandika daftari lake vizuri atalifungua na kujibu pale pale. Asiyeandika atatafuta maneno, na msimu utakaofuata lori litavuja mahali pale pale.